Majimbo ya Marekani yawabana walanguzi wa hataza

Mwenye duka dogo anapopokea barua ya wakili inayomdai maelfu ya dola kwa kutumia mashine aliyoinunua kihalali, hesabu yake huwa fupi. Kulipa ni hasara, lakini kwenda mahakamani ni hasara kubwa zaidi, kwani kesi moja ya hataza nchini Marekani huweza kugharimu mamilioni ya dola. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa walanguzi wa hataza, yaani makampuni yasiyotengeneza bidhaa yoyote, bali hununua haki za uvumbuzi za wengine na kuzitumia kudai malipo.

Jimbo la kwanza kuwatungia sheria lilikuwa Vermont, Mei 2013. Kampuni ya MPHJ Technology Investments, kupitia kampuni tanzu nyingi zenye majina yasiyoeleweka, ilikuwa imewaandikia wafanyabiashara na hata mashirika ya hisani ikidai takriban dola 1,000 kwa kila mfanyakazi. Ilidai kuwa kunakili waraka kwa skana na kuutuma kwa barua pepe kulikiuka hataza zake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, William Sorrell, aliishitaki kwa kutumia sheria ya kumlinda mlaji.

Sheria ya Vermont haihoji uhalali wa hataza, bali mwenendo wa mdai. Je, barua imetaja namba ya hataza na jina la mmiliki? Imeeleza kosa lenyewe? Imetoa muda wa kutosha? Mahakama inaweza kumtaka mdai aweke dhamana ya hadi dola 250,000, na aliyeonewa anaweza kudai fidia. Mvumbuzi halisi na chuo kikuu hupewa nafuu, ili haki ya kweli isizimwe. Zaidi ya majimbo 30 yamefuata njia hiyo.

Hata hivyo, mamlaka ya majimbo yana mpaka. Kesi za hataza ni za mahakama za shirikisho, na mahakama hizo zinataka ithibitike kwamba madai hayana msingi wowote ndipo jimbo liweze kumwadhibu mdai. Nebraska ilionja hilo mwaka 2013, pale amri ya Mwanasheria Mkuu wake, Jon Bruning, ya kuizuia kampuni ya mawakili kutuma barua iliposimamishwa na jaji wa shirikisho.

Washington nayo ilisuasua. Desemba 2013 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa mageuzi kwa kura 325 dhidi ya 91, lakini ulikwama katika Seneti mwaka 2014. Mwaka huo huo Tume ya Shirikisho ya Biashara iliibana MPHJ kwa makubaliano, ikisema ilikuwa imetuma barua kwa zaidi ya biashara 16,000.

Mwaka 2023 sheria ya Idaho iliiwezesha Micron, kampuni kubwa ya vifaa vya kompyuta, kupata amri ya dhamana ya dola milioni 8 dhidi ya wadai wake. Silaha iliyofuliwa kwa ajili ya wanyonge imeangukia mikononi mwa mwenye nguvu. Duka la watu watano halina wakili wa kuiomba dhamana hiyo. Kwake, sheria hizi zitakuwa na uzito pale tu Mwanasheria Mkuu wa jimbo atakapokubali kuibeba kesi kwa niaba ya umma.