Haili Mafuta, Inakula Mahari



Wiki iliyopita alikuja bibi harusi dukani kwetu kupima gauni la walima. Kitambaa kimeshakatwa na kuungwa, imebaki kutia shanga kifuani na mikononi. Akatuomba shanga tuziache, tushone vivi hivi, na pesa ya shanga tumrudishie. Tukamuuliza, "Kuna nini tena mdogo wetu?" Akasema mume mtarajiwa ameona gari mbili. Moja ni ya petroli ya kawaida, pesa yake inatosha. Ya pili ni haibridi, imezidi milioni 3, na hizo milioni 3 zitatoka kwenye mahari yake. "Haili mafuta dada," akatuambia, na uso umemnawiri kama mtu aliyeokota dhahabu.

Hatukumjibu kuhusu shanga. Tulimkalisha, tukampa chai, tukamwambia haya tunayowaandikia leo, maana si yeye peke yake. Kila msimu wa harusi tunalisikia neno hilo hilo, na kila mara anayelisema ni yule anayetoa pesa, si yule atakayeshika usukani.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Haibridi si gari mbaya. Lakini kwa bibi harusi ambaye gari itampeleka kazini, sokoni na kwa mama yake, haina faida ya kutolea mahari. Na gari ya umeme mtupu iliyokwisha kutumika, kwetu visiwani, bado si ya kununua ikiwa ndiyo gari pekee ya nyumba.

Kwanza tujue tunanunua nini. Haibridi ina injini ya petroli na ina mota ya umeme. Hizi zilizojaa barabarani kwetu, Aqua na Prius, nyingi hazichomekwi ukutani. Betri yake kubwa inajazwa na injini, na pia kila unapokanyaga breki, ule mwendo uliokuwa upotee unageuzwa umeme. Ndiyo maana inabana mafuta kwenye foleni ya Darajani, simama nenda, kuliko kwenye barabara nyeupe ya kwenda Makunduchi ambako breki huikanyagi. Kwa hiyo mafuta inakula, ila inakula kidogo. Swali ni hicho kidogo kinakuokolea shilingi ngapi wewe, kwa safari zako wewe.

Chukueni daftari. Tuseme unaendesha kilomita 20 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hizo ni kilomita 520. Gari ndogo ya petroli inayokwenda kilomita 13 kwa lita itakunywa lita 40. Haibridi inayokwenda kilomita 20 kwa lita itakunywa lita 26. Umeokoa lita 14. Kwa ajili ya hesabu tu, tuichukulie lita ni shilingi 3,000. Umeokoa shilingi 42,000 kwa mwezi, yaani 504,000 kwa mwaka. Zile milioni 3 ulizoongeza utazirudisha baada ya miaka sita. Miaka sita! Mtoto wa kwanza ameshaingia skuli, na gari bado haijaanza kukupa faida.

Sasa mchukueni dereva anayechukua wageni, kilomita 150 kwa siku. Kwa hesabu hiyo hiyo anaokoa lita 105 kwa mwezi, shilingi 315,000. Milioni 3 zake zinarudi ndani ya miezi kumi. Huyo akinunua haibridi tunamwambia mashaallah, amefanya biashara. Na dada anayepeleka vyakula au mizigo kutwa nzima mjini, naye vile vile. Gari ni moja, lakini mmoja inamlipa na mwengine inamla. Anayewaambia wote wawili neno moja, ama hajapiga hesabu ama anauza gari.

Na hesabu hiyo tumeipiga kama kwamba betri haitakufa. Hapa ndipo kwenye kisu.

Toyota walianza kuuza Prius Japani mwaka 1997, na Aqua mwishoni mwa mwaka 2011. Teknolojia si ya jana, na gari zenyewe zina sifa ya kudumu. Lakini zinazofika bandarini kwetu zimeshatumika kule miaka mingi. Betri ya haibridi haifi kwa kilomita tu, inakufa kwa umri na kwa joto, na joto sisi tunalo la kugawa. Betri ya Prius zile za kizazi cha pili na cha tatu ni vipande 28 vilivyopangwa pamoja. Kipande kimoja kikichoka, kinavuta vyote. Kuna watu wanafungua betri, wanabadilisha vipande viwili vitatu vibovu, wanafunga, wanauza. Taa inazimika, gari inakwenda vizuri, na vile vipande vizee vilivyobaki vinangoja zamu yao.

Tunajua kwa sababu yametupata. Tulinunua haibridi kwa pesa ya duka, pesa ya kushona usiku. Muuzaji alituambia betri nzima, na kweli hakuna taa iliyowaka. Mwezi wa tano ikawaka nyekundu, tena siku tuna nguo za bibi harusi na wasimamizi wake garini. Fundi alipoifungua akatuonesha mambo mawili. La kwanza, betri ilishawahi kufunguliwa na kutiwa viraka, na sisi hatukuambiwa. La pili lilikuwa kosa letu, na lazima tuliseme. Betri ile inapozwa na feni, na feni inavuta hewa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Sisi tulikuwa tunarundika mafurushi ya vitambaa juu ya kiti hicho, tunaliziba. Ndani lilikuwa limejaa nyuzi na vumbi la vitambaa kama mto wa pamba. Hakuna aliyetuambia kuwa kuna tundu, na sisi hatukuuliza. Matengenezo yalikula faida yetu ya msimu mzima wa harusi.

Wapo waliotuambia, "Biashara ndiyo ilivyo, mnunuzi afungue macho." Hapana. Siyo yetu hiyo. Sote tumesoma madrasa kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikatoka na maji. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakaona, kisha akamkana anayefanya udanganyifu. Betri iliyotiwa viraka ni kile chakula kilichorowa chini ya rundo. Muuzaji anayejua na akanyamaza, asijisitiri nyuma ya neno "uliiona ukaikubali". Na mnunuzi aliyefichwa kasoro, dini inampa haki ya kurudisha. Haki hiyo tuidai kwa maandishi kabla ya kutoa pesa, tusije kuililia baadaye.

Tuje kwenye gari za umeme mtupu. Zimeanza kuingia maneno ya vijana: huendi kituo cha mafuta, unachomeka nyumbani usiku, asubuhi unaondoka. Kwa kisiwa chenye urefu wa kama kilomita 85 lingekuwa jambo zuri, na pengine ipo siku litakuwa. Lakini tazameni zinazotufikia kwa bei tunayoiweza. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, tena haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Kwenye joto betri ya aina hiyo inachoka upesi. Ikishachoka, safari yake inapungua mwaka hadi mwaka. Kutoka mjini hadi Nungwi ni zaidi ya kilomita 50 kwenda tu. Bibi harusi anakwenda shamba kwa wakwe, usiku anarudi, gari inamzimikia Mahonda na hakuna pa kuchomeka. Huo ndio uhuru aliouziwa?

Na umeme wenyewe tuuzungumze. Wengi wetu tunaukumbuka ule mwisho wa mwaka 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya hitilafu ya njia ya kutoka bara. Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi wa ushoni, tukarudi kwenye charahani za mguu. Hatusemi hivi kuwatisha. Mwaka 2013 ulikuja waya mpya wa chini ya bahari wa megawati 100, na hali haifanani na ile. Lakini bado tunaishi kwa waya unaopita baharini. Na wangapi kati yetu tuna nyumba yenye uwanja na mita yetu ya Tukuza peke yetu? Bibi harusi anayeanza maisha chumba na ukumbi, ghorofa ya pili, mita ya kuchangia, atashusha waya dirishani?

Sasa neno la mwisho, nalo ndilo zito. Mahari ni haki ya mwanamke. Suratun-Nisaa, aya ya nne, imelimaliza hilo. Mke akimpa mumewe sehemu kwa ridhaa ya moyo wake, ni halali na ni wema. Lakini ridhaa ya mtu aliyeambiwa "haili mafuta" basi, hakuambiwa umri wa betri, hakuoneshwa hesabu, na kadi ya gari inaandikwa jina la mwengine, hiyo ni ridhaa ya nini? Hatuwatukani waume. Wengi wao nao wamedanganywa na muuzaji yule yule. Lakini anayepoteza ni wewe.

Kwa hiyo, ukiwa umepiga hesabu na bado unaitaka haibridi, usitoe hata shilingi kabla ya haya. Mlete fundi wako, si wa muuzaji, na mashine ya kusomea gari, akutazamie kipande kimoja kimoja cha betri. Muulize kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa karibuni, maana taa inaweza kuzimwa kwa mashine hiyo hiyo. Iendesheni si chini ya nusu saa, kiyoyozi kimewashwa. Kipimo cha betri kikiruka kutoka juu hadi chini ghafla, teremkeni mwende zenu. Ombeni karatasi ya mnada wa Japani muone kilomita za kweli. Angalieni tundu la feni. Muuzaji aandike kwenye mkataba kuwa betri haijatiwa viraka, na kwamba ikigundulika vyengine anarudisha pesa. Akikataa kuandika, ameshakujibu. Na kadi ya gari ibebe jina la aliyetoa pesa.

Kama hayo ni mazito, nunua ile ya petroli ya kawaida ambayo kila fundi wa mtaani anaijua, na zile milioni 3 zikae. Ni charahani, ni friza la kuuzia barafu, ni mtaji wa kuanzia. Hizo hazingoji miaka sita.

Mdogo wetu alikunywa chai yake kimya, akasema atakwenda kuzungumza nyumbani. Hajarudi bado. Gauni limetundikwa, kifua kitupu, shanga zimo kwenye kopo juu ya meza. Tunamuombea kheri, na tunawaombea nyote.

Wabillahi tawfiq.