Mayai na Ufunguo wa Kabati

Kila muhula nawasikia wenzangu wa Kidato cha Tatu wakisema kwamba hapa kwetu sayansi haisomeki, kwa kuwa maabara haina vyombo. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Muhula huu nimebadili nia, na sababu yake ni kichupa kimoja.

Nilikiona katika picha aliyotuonyesha mwalimu wetu wa Bayolojia. Ndani yake mna unga kidogo mno, ambao huuzwa kwa maikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Ni protini ya kukuza mishipa ya fahamu ya mwanadamu, lakini haikutolewa katika mwili wa mtu. Wataalamu huchukua jeni ya binadamu wakaipandikiza katika bakteria, na bakteria hao huitengeneza protini hiyo kama vibarua. Kichupani pameandikwa kuwa ni ya utafiti wa maabara tu. (Matone ya macho yaliyotokana na protini ya namna hiyo yalikubaliwa kuwa dawa huko Ulaya mwaka 2017.)

Nilidhani habari yake ilianzia katika jumba kubwa. Kumbe ilianzia chumba cha kulala! Rita Levi-Montalcini, daktari wa Torino, Italia, alifungiwa milango ya chuo kikuu kwa sheria za mwaka 1938 dhidi ya Wayahudi. Akafanya maabara chumbani mwake, na sindano za kushonea akazinoa zikawa visu. Mabomu yalipozidi alihamia shamba, akawa anawaomba wakulima mayai yenye mbegu, akisema ni ya watoto wake, naye hakuwa na mtoto hata mmoja. Aliwakata vifaranga wangali ndani ya yai chipukizi la mguu, akaona chembe za fahamu zilizokuwa zikielekea huko zinakua kwanza, kisha zinakufa. Basi kulikuwa na kitu zilichokikosa.

Kukipata kitu hicho kulichukua miaka mingi, huko Marekani na Brazili. Mwenzake, Stanley Cohen, alikikuta kwa wingi katika sumu ya nyoka, halafu katika tezi za mate za panya. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Nisieleweke vibaya. Sisemi shule isinunuliwe vyombo. Ukosefu wa vyombo si sifa, na bibi huyo alikuwa na hadubini, tena alikwisha kufundishwa na mwalimu hodari. Lakini hata sisi tunayo hadubini moja. Hukaa kabatini muhula hata muhula, eti isije ikavunjika. Chombo kisichoguswa chatufaa nini?

Naomba maabara ifunguliwe Jumamosi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Mwalimu amesema sanduku na taa ya kuyapasha mayai joto vitapatikana. Mama yangu, ambaye hufuga kuku, aliniuliza kama tutayala. Nilipomweleza kwamba siku ya tatu moyo wa kifaranga huonekana ukipiga, alinyamaza kidogo, kisha akaahidi mayai kumi na mawili, na sharti moja, kwamba naye aje atazame.

Sasa tunangoja ufunguo.