Shaka Iliyofichwa Kabla ya Vita

Vita vya Iraq vinapojadiliwa, utetezi ni uleule: viongozi walipotoshwa na taarifa za kijasusi, na yeyote angeamua vivyo hivyo. Toleo hili linaupinga utetezi huo.

Kweli, si haki kumhukumu kiongozi aliyeamuru vita Machi 2003 kwa yaliyothibitishwa 2004, wakaguzi wa Marekani waliposema Saddam Hussein, aliyekuwa rais wa Iraq, hakuwa na shehena ya silaha za maangamizi. Basi na tumpime kwa yaliyokuwa mezani siku ile. Hapo ndipo hoja yake inapoanguka.

Chukua madai kwamba Iraq ilitafuta urani ya silaha za nyuklia nchini Niger. Tarehe 7 Machi 2003, Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa hati za biashara hiyo zilighushiwa. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri aliyeondoka madarakani 1989. Siku hiyohiyo Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, alieleza kuwa kazi ya ukaguzi iliyobaki ingehitaji miezi, si miaka. Siku 13 baadaye, mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Hata ndani ya serikali ya Marekani, wataalamu wa Wizara ya Nishati walikuwa wamekwisha kusema kuwa mabomba ya alumini yaliyonunuliwa na Iraq yalielekea kuwa ya roketi za kawaida, si ya kurutubishia urani. Shaka zilikuwepo. Wananchi walihutubiwa kana kwamba hazipo.

Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita hivyo, iliyotolewa 2016, ilitamka kuwa njia za amani zilikuwa hazijamalizika, na kuwa tishio lilielezwa kwa uhakika usiostahili. Kufikia 2009, Wairaqi wasiopungua 150,000 walikuwa wamekufa.

Majasusi hukosea, na watakosea tena. Kosa lao halimwondolei dhamana anayetoa amri. Aulizwe: nani alipinga, na alijibiwa nini? Njia ipi ilikuwa bado wazi? Kusubiri kungegharimu nini? Makala zinazofuata zinayafuatilia maswali hayo.

Vita havina macho, walisema wahenga. Kwa hiyo anayeviruhusu lazima awe nayo. Na bunge lolote linaloombwa kuidhinisha vita lidai kuonyeshwa shaka pamoja na ushahidi, kabla kura haijapigwa.