Maktaba za modeli za saketi: kubwa si lazima iwe bora

Leo naweka kando programu za wavuti, tuzungumze saketi kidogo.

Siku hizi kabla ya kuchoma waya unaweza kuijaribu saketi yako ndani ya kompyuta. Programu za kazi hiyo, kama LTspice na ngspice, ni za bure, na zote ni za ukoo wa SPICE iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Badala ya kuiga kila transista iliyomo ndani ya chipu, mara nyingi tunatumia modeli ya tabia: hesabu chache zinazosema ukiingiza hiki, kitatoka kile. Inakwenda mbio sana. Lakini aliyeiandika ndiye aliyeamua tabia zipi aziache nje.

Mimi yalinikuta. Nilichukua modeli ya amplifaya LM358 kutoka maktaba moja kubwa, nikaipa umeme wa volti 5, nikaiunganisha na kigeuzi cha analogi kwenda dijitali cha biti 10. Kwenye skrini namba zilipanda vizuri kutoka 0 hadi 1023. Bodi 10 nilizoagiza zilipofika, namba ziligoma karibu na 700! Kumbe LM358 haifikii volti za umeme wake. Hukomea kama volti 1.5 chini yake. Karatasi ya mtengenezaji inasema hivyo. Nilipofungua faili ya modeli nikakuta kuzidisha tu, bila kikomo chochote.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usichague maktaba kwa wingi wa modeli. Chagua iliyo maandishi wazi, uone kilichoachwa na ukiongeze mwenyewe. Wapo watakaosema modeli zilizofungwa za watengenezaji ni sahihi zaidi, kwani wao ndio wanaoijua chipu. Mara nyingi ni kweli. Lakini nyingi hufunguka katika programu moja tu, na ikikosea huwezi kujua kwa nini.

Na hiyo iliyo wazi pia, ipime peke yake kwanza. Pandisha volti za kuingia polepole kutoka 0 hadi 5, kisha linganisha na karatasi. Ni dakika 10 tu. Mimi sikuzitumia, na bodi zangu ziko kabatini hadi leo.