Kutoka Ufundi Kwenda Ualimu Si Kushuka

Msomaji kijana, yako maneno mawili ambayo bila shaka umekwisha kuyasikia yakisemwa na watu wazima. La kwanza ni kwamba muziki unaolia ndani ya michezo ya video ni kelele ya watoto, na mwenye kuutunga hana kazi ya maana. La pili ni kwamba fundi akiiacha kazi yake na kwenda kufundisha chuoni, huyo ameshindwa. Kwa kuwa, wasema wao, awezaye kazi huitenda, na asiyeiweza huenda kuifundisha. Maneno haya yote mawili si kweli. Lakini la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu nchi ambayo vijana wake wanaliamini hupata mafundi wa kizazi kimoja tu, kisha ikaanza tena kutafuta mafundi ugenini. Nataka kukuonyesha ubovu wake kwa maisha ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Mmarekani, jina lake Brad Fuller. Mapema katika miaka ya 1980 aliingia kazini Atari, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1972. Zamani zile michezo mingi ya video ilichezwa katika makabati makubwa yaliyowekwa madukani na katika kumbi za starehe. Mchezaji alisimama mbele ya kioo, akaingiza sarafu tunduni, akacheza mpaka zamu yake ikaisha. Mchezo wa kwanza wa Atari uliovuma, Pong, haukuwa na wimbo wowote. Ulikuwa na mlio mfupi tu wa mpira ukigongwa. Kazi ya kutunga muziki kwa mitambo ya namna hii ilikuwa changa, wala haikuwa na shule wala mwalimu.

Mwaka 1984 Atari ilitoa mchezo uitwao Marble Madness, ambamo mchezaji huviringisha gololi juu ya njia zenye miteremko na mashimo, akishindana na saa. Muziki wake ulitungwa na Fuller pamoja na mwenzake, Hal Canon. Waliutunga kwa chipu ya Yamaha iliyoweza kutoa sauti nane kwa wakati mmoja. Usidhani kwamba ndani ya chipu ile mlikuwa na nyimbo zilizokwisha rekodiwa. Mlikuwa na mawimbi ya umeme. Wimbi moja hulitikisa jingine kwa upesi mkubwa, na katika kutikiswa huko huzaliwa mlio mpya, mara kama wa kengele, mara kama wa tarumbeta. Mtunzi huupata mlio autakao kwa kupanga namba, namba moja baada ya nyingine. Mafundi hawa wawili iliwabidi kukaa na chipu ile kwa miezi, wakijifunza tabia zake, kabla ya kuweza kuitawala.

Sasa pima mwenyewe ugumu wa kazi hii. Atungaye wimbo wa kwaya, au wa taarabu, anajua wimbo wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Atungaye wimbo wa mchezo hajui. Mchezaji hodari atafika mwisho wa njia kwa muda mfupi. Mchezaji mgeni ataanguka shimoni mara kumi. Wimbo ni lazima umfae huyu na umfae yule. Ni lazima uweze kurudiwa bila kuchosha, na kukatwa ghafula bila kuudhi. Ni lazima utishe penye hatari na utulize penye usalama, ingawa mtunzi hayupo kuona hatari ile inafika saa ngapi. Yeyote aitaye kazi hii kelele ya watoto, na ajaribu kuifanya siku moja tu.

Hayo yatosha kwa neno la kwanza. Tulitazame la pili.

Baada ya miaka mingi ya kutunga, Fuller aliingia ualimu. Alifundisha ufundi wa sauti na muziki katika chuo cha Cogswell, kilichokuwa katika bonde lile lile la California lenye viwanda vya kompyuta. Chuo hicho, ambacho leo kina jina jingine, kilianzishwa na daktari wa meno mwaka 1887 ili vijana wafundishwe kazi za mikono. Katika ualimu huo Fuller alidumu hadi karibu na kifo chake, Januari 2016. Wenye kudharau watasema, "Alikuwa fundi, akaishia mwalimu." Mimi nasema kwamba alikuwa fundi, akawa fundi mwenye warithi.

Fikiri jinsi kazi za mikono ya watu zinavyopotea. Fuller alitunga pia muziki wa Tetris, kwa mchezo uliotolewa na Tengen, tawi la kampuni yake. Wimbo mmojawapo uliitwa Bradinsky, yaani jina lake lilitiwa mkia wa Kirusi, kwa kuwa mchezo wenyewe ulizaliwa Urusi. Mwaka 1989 mahakama ya Marekani iliamua kwamba haki ya kuuza mchezo huo kwa mtambo wa nyumbani wa Nintendo haikuwa ya Tengen, bali ya Nintendo wenyewe. Kaseti zake zikaondolewa madukani. Mtunzi hakuwa na kosa lolote. Hata hivyo kazi yake ilizuiwa kwa hukumu isiyohusu muziki hata kidogo. Na ile isiyozuiwa na mahakama huzuiwa na wakati. Makabati yale ya sarafu yameondolewa kumbini, na mitambo ya leo haizungumzi lugha ya mitambo ya jana. Kitu gani basi husalia? Husalia yale ambayo fundi ameyaweka katika vichwa na mikono ya wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; na daftari la ufundi ni mwanafunzi.

Tena uliza, chipu ile aliyoitumia Fuller ilitoka wapi? Kiwandani, ndiyo, lakini kabla ya kiwanda ilikuwapo akili ya mwalimu. Mwaka 1967 mwalimu wa muziki katika chuo kikuu cha Stanford, John Chowning, aligundua kwamba wimbi likitikiswa na wimbi jingine hutoa milio isiyo na idadi. Chuo kikamwachisha kazi. Kisha Yamaha wakaununua uhalali wa kuutumia uvumbuzi wake, na chuo, kilipoona thamani ya mtu kiliyemtupa, kikamrudisha. Uvumbuzi huo ulikiletea chuo kile zaidi ya dola milioni 20, ukaingia katika vinanda vilivyopigwa dunia nzima, na katika makabati ya michezo pia. Waona basi: sauti ilitoka darasani, ikaenda kiwandani, ikafika mikononi mwa Fuller, na Fuller akarudisha ujuzi wake darasani. Wapi katika safari hiyo pana kushuka?

Sikatai kwamba wapinzani wangu wana sababu zao. Watasema mshahara wa mwalimu aghalabu ni mdogo kuliko wa fundi wa kampuni kubwa. Ni kweli, na ni aibu ya wanaolipa, si aibu ya anayelipwa. Watasema wako walimu wafundishao kazi wasiyopata kuifanya. Hilo pia ni kweli. Lakini dawa yake si kumcheka fundi anapoingia darasani. Dawa yake ni kumfungulia mlango. Mtu akilalamika kwamba kisima kina maji machache, hawi na busara akimfukuza mwenye ndoo iliyojaa.

Tena watasema elimu ya sauti nane imepitwa na wakati, kwa maana michezo ya siku hizi hupigiwa muziki na okestra nzima. Jibu langu ni kwamba chombo kimebadilika, lakini swali halikubadilika. Garry Schyman, aliyetunga muziki wa mchezo BioShock wa mwaka 2007, alitumia vinanda vya nyuzi, wala si chipu ya namba. Naye pia amefundisha, katika chuo kikuu cha Southern California, ambako yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Hata okestra haijui mchezaji ataanguka shimoni saa ngapi. Swali hilo lililomkabili Fuller mwaka 1984 litakukabili na wewe.

Kwa maana nasema nawe, msomaji, wala sisemi na Wamarekani. Simu iliyo nyumbani kwenu ina michezo, na kila mchezo una muziki wake, na muziki huo una mtu aliyeutunga. Kwa nini mtu huyo asiwe wa Kisumu, au wa Voi, au wa Garissa? Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika mkondo wa sanaa na michezo. Mkondo umechimbwa, maji yake ni walimu. Tukiendelea kuwafunza vijana kwamba ualimu ni kimbilio la walioshindwa, mafundi wetu bora wataukwepa, na mkondo utabaki mfereji mkavu.

Mafundi wa milango ya nakshi wa Lamu hawakuhitaji kuambiwa haya. Fundi alimweka kijana kando yake, akampa patasi, akamwonyesha. Hakuna aliyesema kwamba siku ile fundi ameshuka cheo. Na laiti wangaliona haya kufundisha, leo tungekuwa tunaitazama milango ya kale tu, bila mtu wa kuchonga mpya.

Kwa hiyo jifunze kazi, hata ikiwa ni kazi ambayo jirani zako hawajapata kuisikia. Ifanye mpaka ikujue nawe uijue. Na siku itakapokujia nafasi ya kusimama mbele ya vijana na kuwaonyesha, usiende kwa kujificha kama mtu aliyefukuzwa mahali. Nenda mchana, kwa mlango wa mbele.