Thamani ya Mizabibu Isiyobebeshwa

Vieilles Vignes Françaises ni shampeni, yaani mvinyo wenye mapovu, ambayo kampuni ya Bollinger ya mji wa Aÿ nchini Ufaransa huitengeneza katika miaka ya mavuno bora pekee, na bei yake huwafanya wengi waihesabu kuwa anasa ya matajiri isiyostahili mjadala. Hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu bei hiyo hugharimia aina ya kilimo iliyokwisha kutoweka karibu kote Ulaya.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari ambaye hushambulia mizizi ya mzabibu mpaka mti ukafa, aliingia Ufaransa kutoka Marekani na kuteketeza mashamba mengi. Wakulima walinusurika kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya na shina la mzabibu wa Marekani ambalo mizizi yake humhimili mdudu huyo. Tangu hapo, mzabibu wa Ulaya uliosimama juu ya mizizi yake wenyewe ukawa adimu, ingawa viwanja viwili vidogo vya Aÿ, Chaudes Terres na Clos Saint-Jacques, vimeendelea kuwa nao hadi leo.

Humo hustawi Pinot Noir, zabibu nyeusi ambayo maji yake ni meupe, nayo haioteshwi kitaluni wala kupangwa kwa mistari: tawi la mzabibu hulazwa na kufukiwa udongoni, likatoa mizizi na kuchipua upya, hivyo kila mmea ni mwendelezo wa ule uliotangulia. Mizabibu inayochipua hivyo husongamana bila mpangilio, na msongamano huo hauruhusu trekta kupita, na kwa hiyo kazi hufanywa kwa mikono na kwa farasi, na watu wenye ujuzi ambao hauwezi kuhifadhiwa vitabuni tu.

Mvinyo huu ulianza na mavuno ya 1969, enzi za Lily Bollinger, aliyeiongoza kampuni tangu 1941. Wakati huo kilikuwapo pia kiwanja cha tatu, Croix Rouge cha Bouzy, lakini filoksera alikiangamiza mwanzoni mwa karne ya 21. Kwa kuwa mdudu huyo hajatokomezwa, kampuni ingeweza kung'oa mizabibu iliyobaki na kupanda iliyobebeshwa, yenye usalama na gharama nafuu zaidi. Kukataa kwake kufanya hivyo kunastahili kuungwa mkono, hata na wale ambao hawatainunua chupa hiyo kamwe.