Bampa Likipasuka, Nani Alipe?

Gari limegongwa kwa nyuma kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam. Bampa limepasuka, taa moja imevunjika, hakuna aliyeumia. Madereva wanashuka, honi zinapigwa nyuma yao, na muda si mrefu mmoja anasema, "Tumalizane." Fedha zinatumwa kwa simu, kila mtu anashika njia yake. Trafiki hakuitwa, na bima haikutajwa hata mara moja, ingawa magari yote mawili yanayo.

Wapo wanaowalaumu madereva hawa kwamba wanalipia bima halafu hawaitumii. Mimi nadhani mara nyingi hesabu iko upande wao. Chukua gari la kutembelea lenye thamani ya shilingi milioni 15. Bima kubwa kwa asilimia 3.5, kiwango kilichozoeleka kwa magari binafsi, ni shilingi 525,000. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18 unafika 619,500. Tuseme mkataba unamtaka mwenye gari abebe mwenyewe shilingi 250,000 za mwanzo katika kila ajali, na unampunguzia asilimia 10 akimaliza mwaka bila kudai. Fundi anataka 300,000 za kunyoosha bodi, kupiga rangi na kuweka taa ya mtumba. Bima itatoa 50,000, na mwakani punguzo la karibu 62,000 litakuwa limekwenda. Atakuwa amehangaika kituo cha polisi, kwa mkaguzi wa magari na kwenye ofisi ya bima, kisha atoke na hasara ya shilingi 12,000. Lakini gharama za gereji zikifika milioni 2, bima itabeba 1,750,000, na hapo kulipa mfukoni ni kujiumiza bure.

Tatizo ni kwamba barabarani hesabu hii haifanywi. Kinachoamua ni haraka, woga wa kuzungushwa, na nani kati ya wawili hao ana sauti kubwa zaidi. Isitoshe, gharama yenyewe inakisiwa kwa macho. Bampa ni plastiki. Linaweza kurudi mahali pake huku vishikizo vilivyo nyuma yake vimekatika na chuma cha ndani kimepinda. Hayo huonekana gereji, bampa likishafunguliwa, wakati aliyegonga yuko Mbezi na simu yake haipokelewi.

Halafu kuna jambo ambalo wenye magari wengi hulichanganya: kutoa taarifa ya ajali na kudai fidia ni mambo mawili. Kwa kawaida mkataba wa bima ya gari humtaka mwenye bima aijulishe kampuni mapema ajali inapotokea, na humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Sharti hilo lina sababu. Yule uliyemlipa laki moja leo anaweza kurudi wiki ijayo akisema shingo inamuuma, au na ankara ya gereji iliyopanda mara nne. Ukikimbilia bima wakati huo, kampuni itauliza kwa nini haikuambiwa, na kwa nini ulishakubali kosa. Mlango ulioulipia kwa mwaka mzima unaweza kufungwa kwa sababu ya ukimya wa siku chache.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lipa mfukoni ukiona inafaa, lakini usilipe kimyakimya. Piga picha za magari kabla hayajaondolewa barabarani, zioneshe namba zake. Mjulishe wakala wako wa bima, kisha nenda gereji ukapate gharama halisi kabla ya kuamua kudai au kuacha. Mjulishe wakala wako wa bima, kisha nenda gereji ukapate gharama halisi kabla ya kuamua kudai au kuacha. Na kama kuna aliyeumia, hata akisema ni mchubuko tu, neno la kumalizana lisitamkwe. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva asimame, asaidie na atoe taarifa polisi. Majeruhi anahitaji daktari na PF3, fomu ya polisi.

Linaloniuma zaidi ni hali ya dereva wa bajaji. Anapolikwangua gari la mtu, mbele yake husimama mwenye gari aliyekasirika, nyuma yake yuko tajiri anayesubiri hesabu ya siku. Hutokea akanyang'anywa simu au leseni iwe dhamana, akaahidi fedha ambazo hana. Kumbe chombo chake, kikiwa kimekatiwa bima ndogo (ya mtu wa tatu) inayogusa pia mali ya mtu mwingine, kina kampuni nyuma yake ambayo imepokea fedha kwa ajili ya siku kama hiyo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imeifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima, lakini madereva wengi wanaijua kama kinga dhidi ya faini ya trafiki tu. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya chombo katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, akajua kama bima yake ni hai na ni ya kampuni gani. Hilo ndilo la kufanya kabla ya kushika leseni ya mtu.

Makampuni ya bima nayo yasijifiche nyuma ya uzembe wa wateja. Watu hawayakimbii bila sababu. Lugha ya mikataba ni ya wanasheria, na kiasi anachobeba mteja mwenyewe hugunduliwa siku ya ajali. Kiasi hicho kiandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa wa kwanza, kwa shilingi, pamoja na punguzo litakalopotea akidai. Na kwa ajali isiyo na majeruhi wala ubishi kuhusu aliyekosea, TIRA ina kila sababu ya kuyataka makampuni yapokee picha na makadirio ya gereji kwa simu, yatoe jibu ndani ya siku chache, bila kumtuma mteja ofisi tatu kwa ajili ya taa moja.